Kabila au uraia wa mtuhumiwa kwenye habari za uhalifu: utajwe lini, uachwe lini?

Mhariri_Usangu:
Wakuu wa dawati la uhalifu na mahakama, naomba mwongozo. Ni redio ya jamii, Mbarali. Taarifa za polisi mara nyingi zinatufikia zikiwa tayari na asili ya mtu: "mfugaji wa kabila fulani", "raia wa nchi fulani". Mtangazaji anasoma zilivyo. Ila akikamatwa mwenyeji, yeye ni "mkazi wa Rujewa", basi. Nataka kuweka utaratibu wa chumba cha habari. Kabila na uraia viingie lini? Na habari za Marekani tunazotafsiri, zenye "mwanamume mweusi", tukate au tuache?

Kalamu_Uyole:
Anza kwa kugeuza. Chukua sentensi ile ile, weka kabila la wenyeji: "Msangu ashikiliwa kwa wizi wa pikipiki." Kama mhariri anaguna akiisoma, basi hata lile kabila la mwanzo halikuwa na kazi pale. Litoe, weka umri, kijiji anachoishi na tuhuma.

Uraia unabaki pale tu unapokuwa sehemu ya kosa lenyewe. Wale vijana wa Ethiopia wanaokamatwa Mbeya au Tunduma wakielekea Malawi na Afrika Kusini, huwezi kueleza tuhuma ya kuingia nchini bila kibali ukaacha uraia. Lakini usiwaite "wahamiaji haramu" kabla ya mahakama kusema. Andika "raia wa Ethiopia wanaotuhumiwa kuingia nchini bila kibali". Na uliza swali ambalo taarifa nyingi huliruka: nani aliwasafirisha? Mwenye lori na wakala wake nao wana uraia, na mara nyingi ni wa hapahapa, ila hautangazwi. Raia huyo huyo wa kigeni akituhumiwa kuiba simu sokoni, uraia wake haubadilishi kitu kwenye kosa. Unatoka.

Kwa Usangu kuna mtego mwingine. Mkitoa kabila, watangazaji watahamia kwenye "wafugaji" na kila msikilizaji atajua linasemwa kabila gani. Ng'ombe wakiingia shamba la mpunga, habari ni hizi: ng'ombe wangapi, ekari ngapi, mmiliki ni nani, mchungaji aliyekuwa nao ni nani, tathmini ya uharibifu imefanywa na nani. Mmiliki na mchungaji wa kuajiriwa ni watu wawili, na mmiliki anaweza kuwa mtu yeyote, hata mwenyeji mwenye mpunga wake. Ukisema "wafugaji wavamia shamba" umeficha mwenye wajibu na umewabebesha watu wa eneo zima.

Kwa mtu anayetafutwa, maelezo yawe ya kumtambua mtu mmoja: kimo, nguo, kovu, namba ya pikipiki, alikoelekea. "Mrefu, mweusi, wa kabila fulani" hayamtambui mtu. Yanawaweka mashakani wanaume nusu ya gulio.

Meza_ya_Nje:
Nijibu la Marekani. Msikate rangi kila mahali, kwa sababu kuna habari ambazo rangi ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1989 vijana watano, wanne weusi na mmoja mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikamatwa New York kwa tuhuma za kumshambulia mwanamke mzungu katika bustani ya Central Park. Magazeti yaliwaita kundi la wanyama. Donald Trump alilipia matangazo ya ukurasa mzima akitaka adhabu ya kifo irudishwe. Mwaka 2002 Matias Reyes, mfungwa wa makosa mengine, alikiri kwamba ni yeye aliyemshambulia, vinasaba vikamthibitisha, hukumu zikafutwa, na mwaka 2014 jiji likakubali kuwalipa dola milioni 41. Habari hiyo ukiondoa rangi haieleweki. Lakini wizi wa duka huko Chicago unaotafsiriwa kwa sentensi tatu, "mweusi" hana anachoongeza. Toa.

Picha ndizo zinazoponyoka zaidi. Juni 1994 jarida la Time liliweka picha ya polisi ya O.J. Simpson, mwanamichezo maarufu mweusi aliyetuhumiwa kwa mauaji, kwenye jalada ikiwa imetiwa giza, wiki hiyo hiyo Newsweek ikatoa ile ile bila kuguswa, na tofauti ikaonekana kwenye meza za wauza magazeti. Agosti 2005, baada ya kimbunga Katrina, picha ya kijana mweusi majini na vyakula ilisema amepora duka, na ya wazungu wawili majini na vyakula ikasema wamevipata. Zilitoka mashirika mawili tofauti na kila upande ulikuwa na utetezi wake kuhusu kile mpigapicha alichokiona. Ndiyo maana sheria ya maelezo ya picha iwe moja: andika kilichoonekana, "akipita majini na vyakula", mpaka mtu athibitishe zaidi.

Igawa_Njiapanda:
Mkificha kabila watu wanajua tu, halafu mnaambiwa mmenunuliwa.

Meza_ya_Nje:
Hoja hiyo ina uzito, mkuu. Ujerumani, baada ya mashambulio dhidi ya wanawake katika jiji la Cologne usiku wa mwaka mpya 2015/16, polisi walitoa taarifa ya kwanza kwamba usiku ulipita kwa utulivu. Ukweli ulipotoka, vyombo vya habari vikatuhumiwa kuficha asili ya watuhumiwa. Mwaka 2017 baraza lao la habari likabadilisha kifungu: asili itajwe pale penye maslahi ya umma yenye sababu, si kwa udadisi tu. Nanyi fanyeni hivyo. Mhariri anayeruhusu kabila aandike sababu kwenye skripti, mstari mmoja. Akishindwa kuandika, halisomwi.

Wakili_Gangilonga:
Niongeze la sheria. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kwa hiyo anayeshikiliwa ni mtuhumiwa, aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa, na "mwizi" husubiri hukumu. Kwenye kesi ya mauaji, pale mwanzo mbele ya hakimu, mshtakiwa hatakiwi kujibu kitu kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Waandishi huandika "alikaa kimya", na msikilizaji anasikia hatia.

Upendeleo mkubwa uko baadaye. Kukamatwa kunatangazwa asubuhi, mchana na usiku. Kuachiwa huru hakuna anayekwenda kusikiliza. Fungueni rejista: jina, namba ya kesi, mahakama, tarehe ya kutajwa, matokeo. Kila mliyemtaja kwa jina atangazwe matokeo yake katika saa ile ile ya taarifa, na kama aliachiwa, chapisho la mtandaoni liongezewe hilo juu kabisa. Kila miezi mitatu hesabuni: waliotajwa kabila ni wangapi, wa kabila gani, na wangapi walipatikana na hatia.

Mhariri_Usangu:
Shukrani, wakuu. Namba ya kesi tunaipataje bila kusubiri taarifa ya polisi?

Wakili_Gangilonga:
Orodha ya kesi za siku hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mahakama. Isipokuwepo, muulize karani wa masijala ukiwa na jina kamili la mshtakiwa na tarehe aliyosomewa mashtaka. Jina moja peke yake halitoshi.