Tupeane uzoefu: wenye magari makali hapa Dodoma, mliibiwaje?

Mwana Kikuyu: Wakuu, asubuhi nimepita Ilazo nikakuta mzee mmoja ameshika kiuno mbele ya V8 yake. Taa za mbele hazipo, saiti mira hazipo. Geti zima, mlinzi yupo. Passo ya mkewe iko palepale pembeni, haijaguswa! Kwa hiyo wanachagua. Yaliyowakuta semeni.

Fundi Majengo: Lazima wachague. Taa ya Passo nani aikeshee? Ya V8 ina mnunuzi kabla haijabanduliwa. Spea mpya ni ghali, za mtumba hazitoshi, na tangu serikali ihamie huku hizo gari ni nyingi.

Mama Kisasa: Kweli kabisa. Shemeji yangu walimbandulia za Harrier msibani, sisi tuko ndani tunaimba pambio.

Turbo wa Bahi: Mmenikumbusha Subaru Impreza WRX STI ya kaka yangu. Aliitangaza, akaja mteja nadhifu, anasema katoka Singida. Ameongozana na mama mwenye mtoto mgongoni. "Huyu mke wangu." Tukamkaribisha sebuleni, tukampa chai. Mteja akataka kuijaribu gari, kaka akakaa pembeni yake. Wasiwasi wa nini, mke na mtoto si wako kwetu? Kwenye barabara ya Singida jamaa akasema anasikia tairi la nyuma linalia, kaka ashuke atazame. Ameinama tu, gari hiyo! Alirudi na bodaboda, analia, mtu mzima na ndevu zake. Tukamgeukia yule mama, naye akaangua kilio. Kumbe kaokotwa stendi, kaambiwa anapelekwa kwa watu wanaotafuta dada wa kazi. Hata jina la huyo "mume" halijui. Gari ilionekana porini huko Manyoni, limebaki bodi. Injini, gia boksi, turbo, siti, rimu, vyote wamebeba.

Mama Kisasa: Yesu wangu! Na mtoto mgongoni!

Dereva wa Bosi: Pole, lakini mada ni magari ya kifahari. Subaru imeingiaje?

Turbo wa Bahi: Kaka, uliza bei ya injini ya STI ndipo urudi. Vijana wanaifunga kwenye Subaru za kawaida.

Dereva wa Bosi: Basi yaishe. Ila wa V8 sikilizeni: ukibonyeza rimoti, vuta kitasa. Kuna wanaokaa jirani na kifaa cha kuzima mawimbi, unaondoka ukijua umefunga.

Mwalimu Makulu: Taa zikichokonolewa msidhani ni spea tu. London, mwaka 2022, mtaalamu wa usalama wa magari Ian Tabor alikuta RAV4 yake imechezewa bampa na taa, baadaye gari yenyewe ikaondoka. Nyaya za pale zinawasiliana na mitambo mingine ya gari. Mwizi anachomeka kifaa, gari inaamini ufunguo halali upo. Tabor alikinunua kifaa hicho akichunguze, kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya bluetooth. Na msione Uingereza ni mbali. Usukani wao uko kulia, na wetu uko kulia. Mwaka 2015 traka, yaani kifaa kinachoonyesha gari iliko, ya Lexus iliyoibiwa kule iliwaongoza wapelelezi kupitia Mombasa hadi Uganda, wakakuta na nyingine nyingi za kifahari.

Fundi Majengo: Fungeni swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta.

Mama Kisasa: Siri gani, na fundi anajua ilipo?

Fundi Majengo: Mama, usitutukane wote.

Dereva wa Bosi: Choreni namba ya gari kwenye taa, vioo na mira. Haziuziki.

Zabibu Nyeupe: Mimi nimechora na wamechukua vilevile. Mbwa, wakuu, fugeni mbwa.

Mwalimu Makulu: Funguo za kubonyeza kitufe usizilaze karibu na mlango. Mawimbi yake yanavutwa kutoka nje ya ukuta. Ziweke ndani ya kopo la bati, kisha simama kando ya gari na kopo lako ujaribu mlango. Ukifunguka, tafuta kopo lingine.

Mwana Kikuyu: Turbo, yule mama polisi walimfanyaje?

Turbo wa Bahi: Aliandika maelezo wakamwachia. Mama yetu ndiye aliyemlipia nauli ya kurudi kwao Kondoa.