Boti ya faiba kutoka Homa Bay imekataliwa kushuka dikoni "itatuletea gugu maji". Nifanyeje?

TangaMbili:
Assalam alaykum wapwani. Nimenunua boti ya faiba ya mkono wa pili, futi 23, kutoka Homa Bay, Ziwa Victoria. Imekuja kwa lori hadi huku Lamu. Jana alfajiri nimefika nayo kwenye diko moja la umma (silitaji, sote twajuana) na vijana sita wa kuishusha. Nikaambiwa haigusi maji. Imetoka ziwani, itatuletea gugu maji, nikaioshe na kuikausha ndipo nirudi.

Nikauliza kanuni hiyo imeandikwa wapi. "Ndivyo ilivyo." Niioshee wapi? Hapo hata bomba hakuna. Kisha mmoja akanivuta kando akaniambia kuna ada ya ukaguzi. Risiti? Akacheka.

Sasa niambieni, gugu la Victoria litaota vipi kwenye maji ya chumvi? Na zile meli zinazotia nanga upande wa Manda, nani anazisimamisha aziulize zimetoka wapi? Shemeji yangu yuko Mpeketoni, ananiambia niipeleke kwanza Ziwa Kenyatta tuijaribu mashine, hawa wa diko wakishapoa nirudi. Nishaurini, lori linahesabu siku.

Kizibao:
Mpe chai yake boti ishuke. Uzi ufungwe.

BintiShela:
Kizibao, ndiyo maana hatuendelei. @TangaMbili usitoe hata shilingi bila risiti. BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko) wana haki ya kuwa na sheria ndogo zao, lakini sheria ndogo huandikwa na kuidhinishwa, haitamkwi tu mtu akiwa ameegemea mkoko. Waombe uione. Kama ipo wataitoa. Kama haipo, utaona sauti inavyoshuka.

MzeeWaDeheni:
Mwanangu, kusafisha chombo si jambo jipya. Sisi jahazi likipwelewa tukilikwangua, tukilichoma kwa makuti, tukalipaka deheni chini. Hapakuwa na mtu wa kutwambia. Lakini tukifanya hivyo kwa ajili ya chombo chetu, si kwa ajili ya bahari, hilo nakiri. Swali langu ni moja: hiyo boti umeichomoa nguruzi, kile kizibo cha chini, tangu itoke huko? Mai ya ngamani, yaliyotuama chini ndani ya chombo, umeyaona?

MikokoYaDodori:
Nimefanya kazi za samaki miaka kadhaa, niruhusuni niseme kirefu kidogo.

Kuhusu chumvi uko sawa. Gugu maji ni mmea wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, asili yake Amerika Kusini, na maji ya bahari huliua. Konokono wa kichocho naye haishi humu. Kwa hiyo ukishusha boti dikoni, gugu halitaota hapo. Wamekuzuia mahali pasipo na hatari hiyo.

Ila shemeji yako ndiye anayenitisha. Ziwa Kenyatta ni maji baridi! Kipande cha shina kilichonasa chini ya sakafu kinatosha, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikisubiri. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria gugu lilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo muulize mvuvi wa Kisumu siku ghuba inapojifunga, mtumbwi hautoki wala hauingii. Sasa wewe unataka kutoa boti Homa Bay na kuitosa Mpeketoni bila kuiosha, eti kwa sababu watu wa baharini wamekuudhi.

Meli kubwa nazo zina sheria yao. Kuna mkataba wa kimataifa wa maji ya kusawazisha meli (yale zinayobeba tumboni zisiyumbe), ulipitishwa 2004, ukaanza kutumika Septemba 2017, na Kenya imo. Maji yale yatibiwe humo humo melini kabla ya kumwagwa. Kama inafuatwa kila siku, hilo ni la kuuliza, na mimi nakuunga mkono uliulize.

Mpwani_wa_Baridi:
Mimi ni wa Faza, niko Minnesota mwaka wa tisa. Huku ukivuta boti barabarani nguruzi lazima iwe imetolewa. Ni sheria ya jimbo, wala si utani: nilisahau mara moja, nikalipa faini. Wanachoogopa ni kome wadogo wenye milia, ukubwa wa ukucha. Waligunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, waliletwa na maji ya meli, na sasa wanaziba mabomba ya maji mijini. Watoto wao huwaoni kwa macho, wamo kwenye maji yaliyobaki ngamani na ndani ya mashine.

Watu huku pia hunung'unika, foleni ndefu, Jumapili inakwisha. Tofauti ni kwamba kibao kipo, kimeandikwa, na sehemu nyingine mashine ya maji ya moto ipo pale pale. Kinachokuudhi wewe ni kuambiwa uoshe mahali pasipo na maji.

TangaMbili:
@MzeeWaDeheni umenishika pabaya. Nimetoka kuichomoa sasa hivi. Yametoka maji ya rangi ya chai, ndoo nzima na kidogo, yananuka omena. Nyuma yake ukatoka uzi wa mizizi myeusi kama nywele, na konokono mmoja kama punje ya pojo. Nimemweka kwenye kifuniko cha chupa. Anatembea!

Shemeji nimemwambia Mpeketoni hatuendi. Amekata simu.

MikokoYaDodori:
Mizizi na huyo konokono vianike juani vikauke kabisa, kisha vichome. Boti ioshe mbali na mfereji wowote, ipindue, iache juani wiki nzima. Mashine iwashe ndani ya pipa la maji safi mpaka yale ya ziwani yatoke yote, na maji ya pipa yamwage mchangani, si mtoni.

BintiShela:
Na Jumatatu ukirudi dikoni nenda na picha za hiyo mizizi. Halafu uwaulize bomba litawekwa lini.

TangaMbili:
Nitakwenda. Lori nimelilipa limeondoka, boti iko chini ya mwembe kwa jirani. Nani upande wa Mokowe ana pipa la lita 200 la kuazima?

Kizibao:
Ninalo. Lilikuwa la dizeli lakini, uliosheoshe kwanza.