Mrejesho: 4,294,967,297 si namba tasa

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1, ni namba tasa. Nilikuwa nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 100 na kila mara ilibakiza.

Si tasa. Ni 641 × 6,700,417. Nimezidisha kwa mkono mara mbili, inakubali.

Aliyeniambia niache kugawa kwa kufuata foleni, asante sana. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Mara ya tano tu! Kwa njia yangu ningepitia namba tasa 115 kabla ya kuifikia. Mwanahisabati Euler aliipata mwaka 1732. Mwanahisabati Fermat, kabla yake, aliamini namba za aina hii (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, ukijumlisha 1) zote ni tasa, na simlaumu: 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli.

Kilichonikosesha usingizi ni hiki. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Basi kwa hesabu ya mabaki ya 641 (namba mbili ni "sawa" kama tofauti yao inagawanyika kwa 641), 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kipeo cha 4: 625 × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 625 ni sawa na −2⁴, kwa hiyo −2³² ni sawa na 1, na 2³² + 1 inagawanyika kwa 641. Hujagawa popote!

Usiku huu naanza na kipeo cha 64.