Mrejesho: Pedali ya klachi iliyokuwa ikizama

Niliwaeleza awali kwamba pedali ya klachi ya gari langu ilikuwa ikizama hadi sakafuni katika foleni ya Barabara ya Thika, na kwamba gia ya kwanza ilikubali tu baada ya kuikanyaga mara tatu au nne. Aliyenishauri nikague silinda ya chini (ile iliyo kwenye gia boksi, inayosukuma klachi kwa nguvu ya mafuta ya breki) kabla ya kuteremsha gia boksi alisema kweli: tulipofunua mpira wake wa vumbi, mafuta ya breki yalichuruzika, meusi ti. Fundi aliibadilisha silinda hiyo, kisha tukatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya klachi, mimi nikikanyaga na kushikilia, yeye akifungua nati ya kutolea hewa na kuifunga kabla sijaachilia, huku tukiongeza DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) ili kikopo cha juu cha mafuta hayo kisikauke (kilikauka mara moja, tukaanza upya). Sasa gia ya nyuma haikwaruzi.