Naomba ushauri: koti la jinzi nililoshonea kanga

Habari zenu wapendwa, mie niko Mikindani, nina koti la jinzi la mtumba mgongoni lina doa la bibo na mnajua bibo halitoki hata ufue vipi, nikaona nilifiche, nikakata mji (ile sehemu ya katikati) wa kanga kuukuu ya bibi nikashonea juu na shanga pembeni. Lilipendeza jamani! Kufua mara moja tu kanga imevuta imejikunja kama uso wa mzee na wekundu umechujia kwenye jinzi, shanga nne zimedondoka. Sindano ya cherehani namba 14 nayo imevunjika mara mbili kwenye mshono mnene, je nitafute 16? Na shanga mnatungia uzi gani? Nifumue nianze upya au?