Njia ipi ya uhariri inafaa kwa picha ghafi za 6K?

Swali, kutoka kwa Mtayarishaji wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tumemaliza kupiga filamu fupi kwa Blackmagic Pocket Cinema Camera 6K, na tunazo saa nne hivi za picha ghafi (data ya kamera ambayo bado haijageuzwa kuwa video ya kawaida), fremu 25 kwa sekunde, zilizobanwa kwa uwiano wa 8:1. Mhariri wetu yuko Mombasa na anatumia programu ya uhariri ya Premiere kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, ilhali msahihishaji wa rangi yuko Nairobi na anatumia programu ya DaVinci Resolve. Nimeshauriwa nibadilishe faili zote ziwe ProRes 422 HQ (aina ya faili za video zenye ubora wa juu) za 4K, wote wawili wafanyie kazi hizo, kisha nifute zile ghafi ili nipate nafasi. Je, ni busara?

Jibu la Fundi Rangi

Ndugu muulizaji, piga hesabu kabla hujafuta chochote. Fremu moja ya pikseli 6144 kwa 3456, yenye biti 12 kwa kila pikseli, ni megabaiti 32 hivi. Ikibanwa kwa 8:1 hubaki 4, na kwa fremu 25 unapata megabaiti 100 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 360 kwa saa. ProRes 422 HQ ya 3840 kwa 2160, kwa kasi hiyohiyo ya fremu, hula takriban gigabaiti 330 kwa saa. Nafasi utakayookoa ni kiduchu, ilhali ISO (kiwango cha unyeti wa kamera kwa mwanga) na mizania ya rangi nyeupe, ambazo katika faili ghafi ni maelekezo tu yanayoweza kubadilishwa baadaye, zitakuwa zimekwisha kugandishwa ndani ya picha.

Mimi ningetengeneza nakala nyepesi za ProRes Proxy, 1920 kwa 1080, ambazo ni gigabaiti 17 kwa saa. Saa zako nne hazifiki 70, hivyo zitaenea kwenye flashi moja. Mhariri akate kwa hizo, kisha atume Nairobi faili ya XML, yaani orodha ya mikato yake yote, na Resolve itaoanisha kila mkato na faili yake ghafi kwa jina na taimukodi (alama ya muda ya kila fremu).

Jibu la Mhariri Msaidizi

Naafiki, ila shida huanzia pale mnaporudi kwenye faili ghafi. Majina ya faili yasiguswe hata kwa herufi moja, na idadi ya chaneli za sauti katika nakala nyepesi ilingane na ya asili, la sivyo Premiere hukataa kuziunganisha. XML hubeba mikato vizuri, lakini madoido, maandishi na mabadiliko ya kasi mara nyingi hupotea au huharibika njiani; kwa hiyo iambatane na video moja ya filamu nzima kama mhariri alivyoiacha, ili msahihishaji wa rangi ailinganishe na alichokipokea.

Nakala nyepesi zipewe rangi ya kawaida ya Rec. 709, yaani kiwango cha rangi cha televisheni za HD. Mhariri akikaa na picha za kijivu zisizosahihishwa mwezi mzima atazizoea, na mwongozaji naye ataanza kuzitetea. Kuhusu hifadhi, mzigo wako ni kama terabaiti 1.5, basi nunua diski mbili za terabaiti 2, unakili kwa programu inayohakiki kila faili, na ndipo kadi zitumike tena. Ukikuta faili ndogo za .sidecar kando ya picha, zinakiliwe pamoja nazo, kwa kuwa ndizo zinazotunza mabadiliko ya mipangilio.

Muulizaji

Nashukuruni. Matukio ya usiku tuliyapiga kwa ISO 800 na yametoka na giza. Je, tunaweza kuipandisha hadi 3200 kwenye Resolve?

Jibu la Fundi Rangi

Hapana, ndugu yangu. Kamera hiyo ina ISO asilia mbili (viwango ambavyo imeundwa kufanya kazi vizuri zaidi), 400 na 3200, na picha iliyopigwa katika ngazi ya chini hubadilishwa kati ya 100 na 1000 tu. Zaidi ya hapo utainua mwangaza kwa vidhibiti vya kawaida vya rangi, na chembechembe zitaonekana, kwa hiyo mtengee msahihishaji muda wa kuzipunguza.