1HZ kwenye gari la kuvuta magari mabovu: nifunge turbo, niweke 1HD-T au niiache?

Mvutaji
Wakuu, habari zenu. Pikapu yangu ya kuvuta mabovu ina 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota isiyo na turbo. Iko barabarani kila siku na haijawahi kunilaza njiani. Shida ni milima: nikiwa na mzigo nyuma napanda kwa gia ya pili, foleni yote nyuma yangu. Mnanishauri nini?

FundiDizeli
Mkuu, turbo (kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) usiikimbilie. 1HZ na 1HD-T, ndugu yake aliyetoka kiwandani na turbo, zina ujazo uleule, cc 4,164, lakini ndani zinatofautiana sana. Kompresheni, yaani kiasi hewa inavyobanwa, ya 1HZ ni 22.4 kwa 1, ya 1HD-T ni 18.6 kwa 1. Halafu 1HZ huanza kuchoma dizeli kwenye vichumba vidogo ndani ya hedi. Ukiongeza hewa na mafuta, joto linajaa palepale na hedi inapata nyufa. Anayeendesha bila mzigo anaweza kuponea. Wewe unapanda dakika 20 umekanyaga mpaka chini.

Spana14
Yangu ina turbo, mwaka wa tatu huu, na navuta nayo. Presha ya turbo ndogo, pampu ya dizeli haikufunguliwa ovyo, na geji ya joto la eksosi iko mbele ya macho. Sindano ikipanda nashusha gia, naachia mguu.

FundiDizeli
Nakuamini, kaka. Ila hiyo inadumu kwa sababu wewe ndiye unayeiendesha. Akipewa dereva wa zamu ya usiku?

MamaLori
Mimi nilihamia 1HD-T na sijutii. Mvuto (nguvu ya kuzungusha) ni karibu Nm 360 dhidi ya 285 za 1HZ, mlimani utaiona tofauti. Lakini zile za mwanzo zinajulikana kwa kula beringi za konrodi. Kabla ya kufunga, fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini), weka beringi mpya. Usimsikilize anayekuambia "injini inalia vizuri".

Mzee wa Winchi
Kijana, umeshapima rejeta na klachi ya feni? Kuna difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano mfupi pia: mwendo wa juu utapungua, lakini mlima utaupanda kwa gia ya tatu, na injini haiguswi. Na breki je? Ukipanda haraka na gari la watu nyuma, upande wa pili utashuka nalo.

Mvutaji
Shikamoo mzee. Breki za nyuma zimechoka, nakiri. Naanza na hizo na rejeta, kisha difu. Turbo nimeiacha. MamaLori, ulipohamia 1HD-T klachi ya zamani ilihimili?

MamaLori
Haikumaliza mwezi. Weka nzito siku hiyohiyo.